Uyoga wa Chini ya Kitanda

"Umewaona wakila?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa ameinamia beseni, anaosha mchele wa futari, wala hakuinua uso. Nilikuwa nimeingia kutoka kwa jirani na sahani yetu ya bati mkononi. Uyoga niliopeleka haukuwamo tena. Badala yake mlikuwa na kikombe kidogo cha samli, kimewekwa katikati ya sahani kwa uangalifu ili kisimwagike.

"Uyoga umeisha, mama. Tazama mwenyewe."

"Sahani naiona. Nimekuuliza watu."

Nilikuwa msichana wa kuuliza maswali. Chuoni walimu walinijua kwa hilo, na nyumbani walinichoka kwa hilo hilo: nani amehakikisha, umejuaje, umeona au umeambiwa? Siku ile niliulizwa mimi, tena swali jepesi ambalo mtoto angelijibu kwa ndiyo au la, nami nikabaki nimesimama mlangoni na kikombe cha samli ya watu.

Ilikuwa Ramadhani ya msimu wa mvua za El Nino. Mto Tana ulikuwa umetoka kwenye kingo zake, umelala juu ya mashamba kama umehamia moja kwa moja. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Lamu ilikatika, na Garsen tukawa kisiwa cha maduka yenye rafu tupu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kabla ya mvua kuanza, na shahada ya elimu ya mimea na bila kazi. Serikali ilikuwa haiajiri. Nilikuja na begi la nguo, chupa tatu za mbegu za uyoga, na nusu gunia la vamikulaiti.

Hiyo vamikulaiti nilipewa na rafiki yangu wa chuo aliyepata kibarua kwenye shamba la maua. Ni madini ya ardhini yanayochomwa kwa moto mkali hadi yakavimba kama bisi. Ukiitia mkononi huhisi uzito wowote. Chembe zake ni za kahawia na zinametameta, na ukizibonyeza zinaachana kurasa kwa kurasa. Haina chakula ndani yake, wala haiozi. Kazi yake ni maji tu: inayanywa, inayashika, kisha inayaachia kidogo kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba uyoga hufa kwa mambo mawili makubwa, kukauka na kuoza, na kwamba anayeweza kusawazisha unyevu anaweza kuuotesha hata kwenye joto. Nilitaka kuona kama ni kweli. Ndiyo sababu yangu ya kwanza, na nitakuwa mwongo nikisema nilifikiria njaa ya mtu yeyote.

Nililima chini ya kitanda changu. Nilikata mabua ya mpunga vipande vidogo, nikachanganya na pumba na vamikulaiti, nikatia maji kidogo kidogo hadi nikikamua kwa kiganja yatoke matone mawili matatu tu. Mchanganyiko huo niliushindilia kwenye makopo matupu ya mafuta ya kupikia, nikayapika kwa mvuke ndani ya sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia wali wa harusi. Yakishapoa ndipo nikatia mbegu, ambazo ni punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe. Juu kabisa niliweka tabaka ya vamikulaiti kavu, iwe kama kifuniko cha kuzuia ukungu wa kijani usiingie.

"Kwa hiyo sasa unapika mchanga," mama alisema alipoona moto.

"Si mchanga, mama. Ni madini."

"Haya, madini. Yakishaiva madini yako unirudishie sufuria yangu. Watu wataniuliza nimeozesha nani."

Mama alizaliwa Kau, huko karibu na mdomo wa mto, na uyoga alikuwa akiujua tangu utotoni. Mvua zikinyesha mama yake alikuwa akiuchuma kwenye vichuguu na kuupika kwa nazi. Kilichomchekesha ni kupanda. Kwake yeye uyoga ulikuwa kitu kinachokuja chenyewe, na mtu wa kuupanda chini ya kitanda ni mtu aliyekaa shuleni zaidi ya inavyohitajika.

Lakini ulikubali. Utando mweupe ulishuka ndani ya makopo kama maziwa yanayomwagika polepole, na mwaka ule hewa ilivyokuwa na maji kupita kiasi, vamikulaiti ilifanya kazi ya kunywa ziada badala ya kuhifadhi uhaba. Nilipofungua makopo na kuyanyunyizia, vichwa vilianza kujitokeza kwenye kingo, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, na mara vikawa masikio ya kijivu yaliyopangana. Nilikuwa nikiinama chini ya kitanda kila saa kama mtu aliyepoteza hereni.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiorma. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na uzio wa miiba ambao kuku waliudharau. Mume wake alikuwa malishoni na ng'ombe mvua zilipoanza, na mto ukamfungia ng'ambo. Habari zake zilikuja kwa vipande: ng'ombe wamekwama matopeni, kwato zinaoza, kisha wanaharibu mimba na kufa kwa ugonjwa ambao watu walisema unatoa damu. Redioni na kwenye baraza la chifu tukaambiwa tusichinje mnyama yeyote, tusinywe maziwa mabichi, tusiguse mizoga. Kwa sisi wakulima ilikuwa habari mbaya. Kwa yule mama ilikuwa ni kama kuambiwa asile chochote anachokijua kuwa chakula.

Na mbali na binti zake wadogo alikuwa na binti mjamzito. Binti huyo alilingana nami kwa umri. Mume wake naye alikuwa ng'ambo, na yeye alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Kwao mwanamke akishajifungua hukaa ndani arobaini nzima, akinyweshwa supu ya nyama na samli ili mwili urudi na maziwa yatoke. Supu mwaka ule haikuwepo. Samli ilikuwepo: kibuyu kimoja, kimening'inizwa ukutani juu ya kitanda cha binti, mdomo wake umefungwa kwa ngozi. Kila aliyeingia nyumba ile alikiona kibuyu hicho na kujua ni cha nani.

Sahani ya kwanza niliipeleka mwenyewe, uyoga umekaangwa kwa kitunguu na chumvi. Jirani alifunua kawa, akatazama, akanitazama mimi.

"Hii ni nini, mwalimu?"

Sikuwa mwalimu wa mtu yeyote. Aliniita hivyo tangu niliporudi, kwa kunitania, maana niliyesoma sana nilikuwa nikishinda barazani nikikuna miguu.

"Uyoga, mama. Nimeupanda mwenyewe."

"Umepanda wapi? Shamba yote iko chini ya maji."

"Chini ya kitanda."

Alicheka hadi akashika nguzo. "Wewe nalala juu ya shamba! Sasa bwana akija atalala wapi? Kwa mtaro?" Nyuma ya pazia nikamsikia binti yake naye akicheka, akalalamika kwamba kucheka kunamuumiza tumbo. Jirani akainamia tena sahani. "Iko na damu?"

"Haina damu."

"Nani amechinja?"

"Haichinjwi, mama. Inachumwa."

"Basi hii serikali haiwezi kukataza," alisema, akaipokea.

Kwetu sahani ya futari hairudi tupu. Ukipelekewa mbaazi utarudisha maandazi. Ukikosa maandazi utarudisha tende. Ukikosa kabisa utatia hata sukari ya kuficha tako la sahani. Mimi nilikuwa nimeshabishana na mama juu ya jambo hili mara nyingi. Nilimwuliza nini kingetokea sahani ikirudi tupu. Aliniambia nikijaribu kwa mama mkwe wangu nitapata jibu.

Kutoka kwa jirani ilirudi samli. Ya kwanza na ya pili, na ya pili ndiyo iliyomfanya mama aulize kama nimewaona wakila. Mimi nilikuwa nimefurahi. Kwa akili yangu samli ilikuwa ushahidi: watu hawarudishi kitu cha thamani kwa chakula kisichowapendeza. Mama aliipokea samli ile, akaimimina kwenye kopo dogo na kulifunika.

"Hatupikii?" nilimwuliza.

"Hii ni ya mzazi."

"Basi turudishe."

"Umrudishie mtu zawadi yake? Ungerudishiwa wewe ungelala?"

Hapo ndipo kitu kilianza kunikwaruza moyoni. Binti alikuwa ameshajifungua, mtoto wa kike, siku ileile ya sahani ya pili asubuhi. Kwa hiyo samli iliyokuja kwetu jioni ilikuwa imepita juu ya kichwa cha mwanamke aliyetoka kuzaa. Mama alitafuta njia: kesho yake alikaanga uyoga kwa samli ile ile yao, akanipa nipeleke. "Tunaipitisha kwenye uyoga," alisema. "Itafika."

Ikafika, labda. Lakini sahani ikarudi na samli nyingine. Tukaikaangia, nikapeleka, ikarudi tena, sasa kidogo zaidi, kiasi cha kifuniko cha chupa. Halafu zikaja tende chache. Halafu kipande cha ubani kimefungwa kwenye karatasi. Nilikuwa nikitembea na sahani kati ya nyumba mbili kama mpumbavu, nikijua kwamba kila ninapofungua mlango wao na kitu cha moto mkononi ninamlazimisha yule mama atazame kuta zake na kutafuta kilichobaki. Na bado nilipeleka. Makopo yalikuwa yanatoa uyoga kwa wingi, na nilipenda kusikia "mwalimu amekuja." Nilipenda kutazamwa kama mtu mwenye kitu. Miezi ile hakuna mwingine aliyenitazama hivyo.

Swali la mama nililichukua kama mtihani. Nikajaribu kuona. Lakini katika nyumba ile nani angekula mbele yangu? Jirani alikuwa amefunga. Binti hakuwa amefunga, lakini mzazi hula nyuma ya pazia, asionwe na macho ya watu kabla arobaini haijatimia. Nilikaa kwenye mkeka, nikanusa, nikasikiliza. Niliweza kusema sahani imepita pazia. Baada ya pazia sikuwa na habari.

Alasiri moja niliingia kumsalimia mtoto. Jirani alikuwa amechuchumaa karibu na makaa. Kibuyu kilikuwa kimeshushwa ukutani; alikuwa amekipindua juu ya kikombe, mdomo chini, akakiegemeza kwenye jiwe la jiko ili joto liyeyushe kilichoganda kwenye kuta zake. Tulisalimiana. Hakukificha wala hakukieleza. Tone lilitoka, likaning'inia, likashuka. Nyuma ya pazia binti aliomba strungi, chai isiyo na maziwa, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayehifadhi pumzi.

Nilitoka nje. Karibu na uzio kuku wao alikuwa akidonoa kitu, akakitupa, akakidonoa tena. Nikainama. Kilikuwa kipande cha uyoga wangu, bado kina kitunguu.

Nilirudi nyumbani masikio yakinichoma.

"Hawali," nilimwambia mama. "Wanawapa kuku. Wametupa uyoga na wametumalizia samli ya mtoto wa watu kwa ajili ya adabu."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Umeona wakiwapa kuku?"

"Nimeona kuku akila."

"Kuku anakula kilichoanguka. Hujui kimeangukaje."

"Mama, kibuyu kimekwisha! Nimekiona kwa macho yangu kimepinduliwa. Kila nikipeleka wanajikamua. Sipeleki tena."

"Peleka bila sahani. Funga kwa jani la mgomba, wasiwe na cha kurudisha."

"Migomba yote imekwenda na maji."

"Karatasi basi."

"Wakautupe kwa karatasi?"

Mama aliweka ungo chini. "Mwulize. Wewe si bingwa wa kuuliza? Ingia, kaa, mwulize: mama, hiki chakula mnakiweza au hamkiwezi? Neno moja."

Sikuweza. Nilikuwa nimewauliza maprofesa maswali ya kuwatoa jasho, na mbele ya yule mwanamke aliyechuchumaa na kibuyu sikuweza kutoa sentensi moja. Niliogopa angesema ndiyo kwa heshima, niliogopa angesema la kwa ukweli, na zaidi ya yote niliogopa kutajwa kwa samli. Mama hakunilazimisha. Alisema uyoga ni wangu, na uamuzi ni wangu, akarudi kwenye mchele wake.

Nikaacha kupeleka.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa hasira ambayo niliiita busara. Sikutaka kuyaona makopo yale. Yalikuwa bado yana uzao ndani yake, utando mweupe uko hai, lakini kila nilipoinama chini ya kitanda nilikiona kibuyu kimepinduliwa. Niliyabeba nyuma ya nyumba, upande wa uzio, nikayakung'uta yote kwenye lundo moja: mabua, pumba, vamikulaiti. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu kikawa cha rangi ya matope, isipokuwa lundo lile, ambalo lilikuwa linametameta. Nikalipa mgongo, na sikurudi kuliangalia. Mimi ni mtu wa kuchoka haraka. Wiki ile ile nilianza kuandika barua za kuomba kazi, nikizipanga kusubiri lori la kwanza litakalovuka.

Nilihisi wepesi, nakiri. Jioni zilipita bila sahani, na nilijiambia kwamba ng'ambo ya uzio kuna mwanamke anayepumua kwa sababu sijabisha hodi.

Lakini jirani alibadilika. Hakuniita tena mwalimu. Nikipita alinisalimia kwa mbali, kwa heshima kamili, salamu ndefu ya kuuliza nyumba na afya na mama, huku akirudi hatua nyuma. Kuku wake walipovuka kuja kwetu aliwaita kwa haraka, kama mtu anayeomba radhi. Siku ya Idi tulizoea binti zake wadogo waje wamevaa kanga mpya kuchukua peremende. Hawakuja. Mama alinitazama kwa upande. Alifunga maandazi kwenye kitambaa, akaenda mwenyewe. Alirudi nayo. Alisema amekuta mlango umefungwa na amesikia mtoto analia ndani, akabisha, mtoto akanyamazishwa.

"Wamekasirika," nilisema.

"Kwa lipi?"

Sikujua kwa lipi. Nilidhani ni aibu ya samli, kwamba waliona nimeona kibuyu. Nikaongeza hilo juu ya mzigo wangu: nimewamaliza, kisha nimewaaibisha.

Maji yaliposhuka na njia kufunguka, walihama. Mume alikuwa amewatumia ujumbe kwamba ng'ombe waliobaki wako upande wa Bangale. Waliondoka alfajiri na lori lililokuwa limeleta unga, na nilipoamka nikakuta uzio na kuku mmoja aliyesahauliwa. Muda mfupi baadaye na mimi nikapata kazi mbali, kwenye wilaya ambayo hakuna aliyejua Garsen iko wapi.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi. Kwa miaka mingi niliisimulia hivi: kwamba nilikuwa kijana mwenye majivuno, kwamba zawadi yangu ilikuwa mzigo kwa watu maskini kuliko mimi, kwamba nilimaliza samli ya mzazi bila kujua, lakini nilipogundua niliacha. Watu walitikisa kichwa na kusema angalau uligundua. Nami nikalipokea hilo "angalau." Bado nilikuwa nikiona kibuyu kile ninapokaanga kitunguu, na kuna miaka ambayo sikuweza kuweka samli nyumbani kwangu, lakini nilikuwa na mahali pa kusimama. Niliumiza, kisha nikaacha kuumiza.

Mwaka mmoja nilikuja Garsen kumpeleka mama kliniki. Wakati mama akisubiri dawa, nilivuka barabara nikaingia duka la nguo kumtafutia kanga. Aliyekuwa akiuza alinitazama muda mrefu kuliko mteja anavyotazamwa.

"Wewe ni mwalimu wa uyoga," alisema.

Sikumtambua kwa uso, maana uso wake nilikuwa nimeuona kidogo sana. Nilimtambua alipocheka: alikuwa yule binti wa nyuma ya pazia. Pembeni yake alikuwa amekaa msichana mrefu, anapiga hesabu kwenye simu, hatujali.

"Ndiye yule mtoto?" nikauliza.

"Ndiye. Anakula kama nzige."

Alinipa kigoda na soda. Mama yake alikuwa ameshafariki, huko Bangale. Tulisema yanayosemwa. Kisha nikaona nisiposema siku ile sitasema tena, nikamwambia kwamba kwa miaka yote nimekuwa nikijuta juu ya samli yake.

"Samli gani?"

"Ile mliyokuwa mkirudisha kwenye sahani. Samli ya arobaini yako. Niliona kibuyu kimepinduliwa."

Alinikodolea macho kama niliyesema lugha nyingine. "Ile samli ilikuwa kidogo tangu mwanzo, dada. Ng'ombe wamekufa, tungejaza na nini? Ilikuwa ya kurudisha sahani. Mama alisema, hii ikiisha sahani itakatika, basi tuikate nyembamba. Mimi nilikuwa nakula uyoga."

"Ulikuwa unakula?"

"Sasa ningekula nini? Strungi?" Alicheka tena. "Mama mwenyewe hakuweza. Alisema inafanana na sikio la mtu aliyekufa. Ilikuwa yangu peke yangu, nyuma ya pazia, na hii shetani inanyonya." Akampiga msichana begani, na msichana akasonya bila kuinua macho kwenye simu.

Nilishika chupa ya soda kwa mikono miwili.

"Halafu mkakata," alisema. Hakusema kwa lawama. Alikuwa anakunja kanga, anaisawazisha pembe kwa pembe. "Mama akasema mmeogopa ile ugonjwa ya ng'ombe. Wengi waliogopa, hata dukani walikuwa wanapokea pesa yetu kwa kijiti. Akasema, wale ni watu wazuri, tusiwape taabu ya kutufukuza. Akatukataza kusogea mlango wenu. Siku ya Idi mama yako amekuja, sisi tulikuwa ndani, tumeshika mtoto mdomo asilie. Tulifikiri amekuja kwa adabu tu, na kwamba tukifungua ataogopa kukanyaga ndani."

Nikamwambia haikuwa hivyo. Nikamwambia sikuwahi hata kufikiria ugonjwa. Nilisema mengi, kwa haraka, na yeye akatikisa kichwa kwa upole kama mtu anayesubiri mvua ipite ili aendelee na safari.

"Basi," alisema, "si uliacha ile takataka yako nyuma ya nyumba? Ile ya kung'aa?"

Alinieleza akiwa anafunga kanga kwenye karatasi. Lundo nililolimwaga liliendelea kuota. Mabua yalikuwa bado na utando, vamikulaiti ilishika maji ya mvua vizuri kuliko ilivyoyashika chini ya kitanda changu, na kila baada ya siku chache masikio ya kijivu yalitoka tena. Mama yake alikuwa akishakula daku anachukua kikapu, anapita kwenye upenyo wa uzio kabla sisi hatujatoka nje, anachuma bila kuacha hata mmoja ili tusijue kwamba kulikuwa na kitu. Ramadhani ilipokwisha aliendelea, hadi walipohama. Yeye aliyeona uyoga unafanana na sikio la maiti ndiye aliyekuwa akiuchuma gizani, kwa vidole, kutoka jalalani kwetu, na arobaini ya binti yake ilitimia kwa uyoga huo.